Mkanda Ambao Haukusogea

Kamera ile niliinunua Tiwi, kwa mzee aliyekuwa ameacha kazi ya kupiga picha. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka minane katika kazi hiyo hiyo, nikizunguka ufuo wa Diani na kumbi za arusi za Ukunda, na riziki ilikuwa imeanza kunikimbia. Watalii waliokuwa wakinisimamisha zamani niwapige picha na ngamia, sasa kila mmoja alikuwa na simu mfukoni, na simu yenyewe yapiga vizuri kuliko kamera yangu ya dijitali. Kilichonibakisha ni arusi za watu wa bara. Wanateremka kwa treni au kwa ndege, wanafunga ndoa mchangani, wanakula kamba, kisha Jumatatu wanarudi makazini.

Bibi arusi mmoja kutoka Nairobi ndiye aliyeanzisha mambo. Kabla hata ya kuuliza bei, aliniuliza, "Una filamu? Si filta, filamu yenyewe, ile ya zamani ya mkanda."

Nikamwambia sina. Akanishukuru kwa adabu, akamchukua mpiga picha wa Mombasa. Baada yake wakaja wengine wawili na swali lile lile. Nikaanza kuulizia, na fundi mmoja wa redio pale Ukunda akanielekeza Tiwi.

Nyumba ya mzee ilikuwa nyuma ya shamba la mihogo. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, miwani yake ameifunga kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe wa kamera?"

"Ndimi."

Aliingia ndani akatoka na ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Ndani mlikuwa na mchele mkavu hadi nusu, na juu ya mchele, imefungwa kwa kitambaa cha pamba, kamera. Alisema unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, na mchele huufyonza unyevu kabla haujafika. Alinipa niishike. Mkono wangu ulishuka kwa uzito. Ilikuwa ya chuma kitupu, nyeusi, rangi imechubuka pembeni mahali vidole vyake viliposhika miaka yote ile. Nilitazama kioo cha nyuma nikakumbuka haina kioo cha nyuma. Ina kifuniko tu.

"Watu hudhani adui wa filamu ni mwanga," aliniambia. "Mwanga kila mtu anaujua. Adui yuko hapa." Akafungua kifuniko, akanionyesha kijiti cha kulia chenye ufa, mahali unapochomekwa ulimi wa mkanda. "Ulimi huu usiposhika, utapiga picha mchana kutwa. Kamera italia kla, kla, kama kawaida yake, na ndani hakuna linalosogea. Kwa hivyo ukishafunga, tazama kifundo hiki cha kushoto. Kila ukivuta mkono wa kusogeza, nacho lazima kizunguke. Kisipozunguka, fungua, anza upya."

Niliitikia kwa kichwa. Jambo lilikuwa jepesi mno, nikaona nimelijua siku nyingi.

Nilimuuliza kwa nini anaiuza. Akavua miwani. Jicho lake la kulia lilikuwa na weupe katikati.

"Mtoto wa jicho," akasema. "Arusi zote siku hizi naona zina moshi."

Niliuza pikipiki yangu nikamlipa. Miezi ya kwanza niliharibu mikanda mingi. Katika kamera ya dijitali nilikuwa nimezoea kupiga picha mia tatu kabla bibi arusi hajaketi, nikifuta mbaya na kubakisha nzuri. Hii ilinipa picha thelathini na sita, basi. Nikishamaliza, mkanda naufungasha na kuupeleka Nairobi kwa basi, usafishwe huko, kisha picha zinarudi kwa barua pepe baada ya wiki mbili au tatu. Kuna zilizorudi nyeusi tii. Kuna zilizorudi na uso wa mtu umeelea kwenye mwanga mpaka nikashangaa kama ni mimi niliyezipiga. Taratibu nikaacha kubahatisha. Nikajifunza kumngoja mtu, na nikapata arusi mbili za filamu, kisha ya tatu.

Dada yangu alikuwa Kibuyuni wakati huo, na alikuwa mgonjwa.

Alinizidi miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa akikaanga mahamri Msambweni, alfajiri hadi saa nne, na muda wote huo mimi nilikuwa mgongoni mwa dada. Watu wengi walidhani yeye ndiye mama yangu, na nadhani hata mimi kuna wakati nilidhani hivyo. Kwa kuwa nilipewa jina la baba yetu, yeye hakuniita kwa jina kamwe. Aliniita "babangu". Aliolewa Kibuyuni, Mungu hakumjaalia mtoto, mume akamwacha, na yeye hakurudi nyumbani. Alibaki kule kule akilima mwani. Alikuwa na mistari yake ya kamba baharini, na alijua kila kigingi alichokipigilia.

Uvimbe katika ziwa lake aliuficha kwa muda mrefu. Alipousema, ulikuwa umeshasema wenyewe. Tulikwenda Mombasa, akatiwa dawa, nywele zikamtoka, kucha zikawa nyeusi. Mwishowe daktari akatuita mimi na mama, akatueleza kwa upole mwingi, akatupa vidonge vya kutuliza maumivu. Mama akafunga nyumba yake ya Msambweni, akahamia Kibuyuni kumuuguza mwanawe.

Sikukuu ya Idi nilikwenda kuwatembelea. Tulipokwisha kula nilitoa simu, nikapiga picha yake akiwa ameegemea mto. Akataka kuiona. Nikampa. Aliitazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nilidhani anafanya mzaha, nikacheka. Hakuwa akifanya mzaha.

"Ifute," akasema. Nikaifuta. Kuanzia siku ile hakuna aliyethubutu kuinua simu mbele yake.

Mama alinifuata jikoni, akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sina picha yake hata moja ya utu uzima. Ile ya kitambulisho tu, na humo amenuna kama aliyekamatwa na askari. Zungumza naye. Wewe anakusikiliza."

Sikujua nizungumze naye vipi. Lakini wiki chache baadaye nilitoka Shimoni, ambako nilikuwa nimekwenda kupiga picha za hoteli moja ndogo, nikapitia kwao na kamera ya mzee shingoni. Dada aliiona akaitaka. Aliigeuza huku na huku juu ya mapaja yake.

"Na hii yaonyesha wapi?"

"Haionyeshi, dada. Mpaka mkanda upelekwe Nairobi ukasafishwe."

"Siku ngapi?"

"Wiki mbili. Tatu."

Nilimwona akihesabu, na nilijua alichokuwa akikihesabu.

"Basi hii ndiyo yangu," akasema. "Nipige kwa hii. Mimi sitaki kujiona. Nataka mama anione."

Tulichagua siku ya bamvua, wakati maji hutupa mbali na chini ya bahari kukabaki wazi, kwa sababu alitaka kwenda kwenye mwani wake. Mashoga zake, wanawake wenzake wa mwani, ndio waliokuwa wakiitunza mistari yake tangu alipoanza kuugua. Nilifika asubuhi. Alikuwa ameshaoga, amevaa gauni la kijani na leso mpya jozi, kucha mama amezipaka hina kuficha weusi. Niliketi barazani kuweka mkanda. Mikono yangu ilikuwa na haraka.

"Babangu, maji hayo yataanza kujaa!" aliniita kutoka ndani.

Nilichomeka ulimi wa mkanda kwenye kijiti, nikafunga kifuniko, nikavuta mara mbili. Sikutazama kifundo. Najua kwa hakika sikukitazama, kwa sababu wakati ule macho yangu yalikuwa mlangoni. Alikuwa anatoka ameshika ukuta kwa mkono mmoja na bega la mama kwa mkono wa pili, na gauni lilikuwa limempwaya, na alikuwa anatabasamu.

Tulikwenda polepole. Kila hatua chache alisimama kupumua, na mimi kila aliposimama nilipiga. Mashoga zake walipomwona walinyoosha migongo, wakaacha kufunga mwani, wakaja kumpokea majini. Mmoja alimgeuzia karai akamketisha juu yake. Dada akazoa mwani mbichi akauweka mapajani, akaanza kuufunga kwenye kamba kipande kwa kipande, na vidole vyake, ambavyo nyumbani havikuweza hata kushika kikombe cha chai, vikaenda kasi kama zamani. Aliwasengenya wanunuzi. Aliuliza nani amejifungua na nani amegombana na mumewe. Mama alikuwa nyuma yake ameinama, ameinua pindo la gauni lisilowe. Nilipiga magoti kwenye maji nikapiga picha hiyo, mama ameshika pindo na dada anacheka ameinua uso. Nilijiambia, hii ndiyo.

Tuliporudi aliketi kizingitini. Mama akaleta mafuta ya nazi, na dada mwenyewe, bila kuombwa, akaivua leso ya kichwani. Sikuwahi kumwona bila leso tangu nywele zimtoke. Nikaishusha kamera.

"Piga," akaniambia. "Mama anakijua kichwa hiki tangu hakina nywele."

Mama alikipaka mafuta, taratibu, kwa viganja viwili, kama anavyopakwa mtoto wa siku saba. Nilipiga picha tano au sita. Nikavuta mkono, nikatazama kihesabio. Thelathini na sita. Nikavuta tena, ukakubali. Thelathini na saba. Wakati mwingine mkanda hutoa picha moja ya ziada, mbili ukibahatika, kwa hivyo nilifurahi. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Mkono ulikuwa mwepesi, unakwenda bila ubishi wowote, na hapo ndipo baridi iliponishika, kwenye jua lile la saa sita mchana.

Nilikizungusha kifundo cha kushoto kwa kidole. Hakikuwa kimeshikwa na kitu. Niliinamisha uso nikajifanya napangusa lenzi.

"Zimekwisha?" dada akauliza.

"Zimekwisha, dada."

"Alhamdulillahi. Basi nikalale."

Hapo ndipo ningesema. Nimepiga hesabu za kila namna tangu siku ile, na zote zinaishia hapo kizingitini. Ningesema, dada, mkanda umenikwama, keti kidogo nianze upya. Angenitukana, angecheka, angeketi. Lakini alikuwa amechoka, jasho linamtiririka kwenye mafuta, na mimi niliona haya mbele ya mama, na nikajipa moyo kuwa pengine nimekosea, pengine kifundo ndicho kibovu.

Nyumbani Ukunda niliingiza kamera ndani ya mfuko mweusi wa kufungulia, nikapenyeza mikono, nikafungua nikipapasa. Ulimi wa mkanda ulikuwa umechomoka kwenye kijiti umelala pembeni, mfupi vile vile kama nilivyouacha barazani. Mkanda wote ulikuwa ndani ya kopo lake. Niliitoa kamera mfukoni nikaitazama mchana kweupe, kwani hakukuwa na kitu cha kuharibika.

Jambo moja sijamwambia mtu yeyote ila mama. Mkanda ule ulikuwa mzima. Haukuwa umeona mwanga. Picha zake zote thelathini na sita zilikuwa bado zinangoja, na kesho yake bamvua ilikuwa bado ipo. Lakini sikuwa na pikipiki tena, Jumamosi nilikuwa na arusi Diani, na arusi ilitaka maandalizi siku mbili kabla. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Na Jumamosi, kwa kuwa mikanda ilikuwa imenipungukia, niliuweka mkanda ule ule katika kamera. Kifundo nilikitazama safari hii. Kilizunguka. Nikaujaza sura za watu nisiowajua, wakicheza mchangani, wakipigiana makofi.

Jumatatu dada alinipigia simu.

"Zimetoka?"

"Bado, dada. Ziko Nairobi."

Ulimi wangu ulisema wenyewe. Nikishasema mara moja, mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Alipiga tena baada ya siku nne. Nikamwambia kuna foleni, wanaosafisha siku hizi ni wachache. Akauliza kama nimekula. Akasema mama amepika mchicha na samaki, akataja mvua.

Mara ya tatu sauti yake ilikuwa nyembamba, ilinibidi nizibe sikio la pili ili niisikie.

"Babangu, we njoo tu basi. Hata bila picha."

"Jumatatu, inshallah. Jumatatu nitakuja."

Ijumaa asubuhi ikaja simu, na kwenye simu alikuwa mama. Mama hajui kupiga simu. Huwa anaomba mtu ampigie kisha apewe azungumze. Nilipoona amepewa simu mapema vile, nilijua kabla hajatamka.

Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Kabla ya kukikabidhi kitambulisho chake ili tupewe kibali cha kuzikia, nilitoka nje ya ofisi nikakiweka juu ya ukuta, nikakipiga picha kwa simu. Ni kweli, amenuna. Anatazama upande, kama aliyeitwa na mtu.

Siku za matanga nilikaa na wanaume nje. Niliona haya hata kula. Siku ya tatu mama alimtuma mtoto wa jirani aniite, nikaenda nikachutama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Zile picha," akasema.

"Bado, mama. Nairobi."

Akanitazama. "Haya," akasema.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, wageni wakiwa bado wanakunja mikeka, aliniuliza tena. Nikamwambia mashine imeharibika, wanangoja kipuri. Nakumbuka nilikitaja hata kipuri chenyewe. Mama akaitikia kwa kichwa. Wiki ile akaifunga nyumba ya Kibuyuni, akarudi kwake Msambweni.

Nilianza kumkwepa. Nilimtumia vitu kwa watu: mchele, mafuta, dawa ya mgongo. Nilisema nina kazi, na kwa kweli nilikuwa nayo, maana watu wa bara walikuwa wamelipenda jina langu. Kila nilipoweka mkanda nilikitazama kifundo mara tatu, mara nne, mpaka maharusi wakaniuliza kama kamera ni mbovu.

Siku moja nikashindwa. Nilikwenda Tiwi kwa yule mzee. Nilimwambia karibu yote, tangu barazani hadi kipuri. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilitazamia anikaripie kwa kusahau alilonifundisha.

"Mimi niliharibu arusi nzima," akasema. "Si kwa mkanda kutosogea. Dawa ya kusafishia ilikuwa imechacha, na mimi niliona imechacha, nikaitumia kwa sababu nilikuwa na haraka. Picha zote zikafutika. Watu wale walikuwa wamekodi magari, wameleta ngoma."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia nimeibiwa. Wakanipa pole. Wakanichangia ninunue kamera nyingine." Akatafuta miwani yake kwenye mkeka kwa kupapasa. "Bibi arusi yule sasa ana wajukuu. Nikikutana naye sokoni hunisalimu kwa heshima kubwa, shikamoo kaka, na mimi hutafuta kichochoro cha kupotelea. Macho yenyewe hayaoni, lakini yeye yanamwona."

"Sasa mimi nifanye nini, mzee?"

"Waniuliza mimi?" akasema. "Mimi sikufanya."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Msambweni. Sikupita nyumbani, kwa kuwa nilijijua.

Mama alikuwa uani, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda mbele yake. Hakuniuliza kitu. Nikamwambia, "Mama, zile picha hazipo."

Aliendelea kukuna.

"Hazikuwapo tangu siku ile. Mkanda haukushika. Nilijua pale pale tukiwa kizingitini. Sikuzipeleka Nairobi. Sikupeleka kitu."

Aligeuza kifuu, akakuna upande wa pili. "Najua," akasema.

"Wajua?"

"Dada yako aliniambia. Siku ile ya kwanza alipokupigia simu, alipokata akaniambia, mama, picha za huyu hazikutoka. Nikamuuliza amekwambia? Akasema hapana, nimemsikia sauti. Amenilea nani, alisema, nisimjue akidanganya?" Mama akakung'uta kifuu. "Alikosea. Alitaka kusema yeye amekulea. Alikuwa ameshaanza kuchanganya maneno."

Sikuweza kuinua uso.

"Mbona ulikuwa ukiniuliza basi, mama? Wajua, na waniuliza?"

"Nilikuwa nakungoja."

Nilidhani amemaliza, na nilidhani kwamba hilo ndilo zito. Halikuwa hilo.

"Alifikiri utarudi," mama akasema. Sauti yake sasa ilikuwa imebadilika. "Alisema, ataona haya siku mbili tatu kisha atakuja anipige upya. Gauni alinifulisha. Nililifua, nikalipiga pasi, likakaa juu ya kiti siku zote zile pamoja na leso zake. Kila asubuhi akiamka aliuliza maji yanatupa saa ngapi. Nikamwambia nikupigie, nikwambie tumejua, uje. Akakataa. Akasema, mwache, asije kwa kuaibishwa, aje mwenyewe."

"Mama, mkanda ulikuwa mzima," nikasema. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda nilitaka yote yatoke mara moja. "Nilikuwa nao. Niliutumia kwenye arusi."

Hapo aliacha kukuna. Alinitazama jinsi ambavyo hajawahi kunitazama, si kwa hasira, bali kama anayemtafuta mtu katika kundi la watu.

"Picha si kitu," akasema. "Bibi yako alikufa bila picha na tunamkumbuka. Lakini alikwambia njoo hata bila picha. Nilikuwa nimemshikia simu sikioni, nilisikia. Hata bila picha, alisema. Na hukuja."

Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, mtu mzima kwenye kigoda. Mama hakunishika. Alinyanyuka kwenye mbuzi, akajipangusa mikono, akaenda kuuchochea moto. Baada ya muda nikamsikia akisema kutoka jikoni, "Funika hiyo nazi, kuku hao."

Nikaifunika. Akatia chai, akaniletea kikombe, akaketi mbali kidogo nami na chake. Tulikunywa. Nilipoondoka nilimbusu mkono, na hakuuvuta.

Nilitaka kuiuza kamera baada ya hapo. Nilimpata mnunuzi, kijana wa Mombasa, tukaonana Likoni, akaishika na kuisifu, na mimi nikasema nimeghairi. Sikuwa na sababu nzuri ya kumpa. Bado naitumia. Mwaka uliofuata mkanda wa arusi moja uliharibika kwa kosa langu, niliuacha juani garini, na siku ile ile niliyoletewa habari nilimpigia bibi arusi. Alinitukana matusi ya Kiingereza na ya Kiswahili, akalia, akanitukana tena. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Niliweka simu chini, na usiku ule nililala.

Kwa mama naenda kila Jumapili. Ilichukua muda mrefu kabla hajalitaja jina la dada mbele yangu, kisha akaanza, kidogo kidogo. Sasa kuna siku tunazungumza habari za ile safari ya baharini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hatukumbuki sawa. Mama anasema njiani tukirudi alitamani dafu, na ni mimi niliyemwangulia. Mimi nakumbuka aliomba maji ya ndimu, na kwamba mnazi pale njiani hakuna. Mama anasema upo. Tumeshabishana mara nyingi, na siku moja nilipopita Kibuyuni nilikwenda kutazama. Minazi ipo miwili, mirefu, ambayo mimi siwezi kuipanda.

Nilipomwambia, mama alifikiri kidogo. "Basi labda aliyemwangulia ni mtu mwingine," akasema. "Lakini alikunywa. Alikunywa lote."

Nikamwambia ndiyo, mama, alikunywa.